Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Ridhaa, Radhi na Lugha ya Utafiti Garissa

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii nimeifundisha darasani nikiwa mwalimu wa mazoezi, na katika mtihani mmoja wa fasihi simulizi niliichambua kwa kurasa mbili nzima. Ujio wa mgeni, niliandika, humletea mwenyeji neema: kuku huchinjwa, ugomvi wa nyumbani hunyamazishwa, na mgonjwa aliyekuwa hana wa kumtazama hupata wa kumpa pole. Nilipewa alama za kuridhisha. Sikuwahi kujiuliza, mgeni asipoponya, huwa amekuja kufanya nini. Swali hilo nililikuta Garissa, mji niliozaliwa, nikiwa nimekwapa faili la karatasi na kijibati chenye sifongo ya wino wa zambarau.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Nilikuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamili kuhusu riwaya ya Kiswahili, rafiki yangu mmoja aliyekuwa akisomea uzamili wa afya ya jamii aliponiomba msaada. Alikuwa akitafiti sababu zinazowafanya wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari waanze matibabu katika zahanati, kisha wakatize na kutoweka. Hojaji yake ilikuwa kwa Kiingereza. Alihitaji mtu wa kuitafsiri kwa Kiswahili na kuandamana naye nyanjani, kwani wengi wa wahojiwa wangekuwa wazee wa Kisomali, naye Kisomali hakukijua ila salamu. Mimi lugha zote tatu ninazo: Kisomali cha mama, Kiswahili cha mtaani kilichokuja kuwa taaluma yangu, na Kiingereza cha shule.

"Dadangu," aliniambia, "kwako hii ni kazi ya wiki moja."

Nikakubali. Nakiri kwamba nilikubali kwa kiburi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuulizwa shahada zetu zina faida gani, na hapa palikuwa na mwanasayansi aliyekwama mpaka mimi nimkwamue.

Kiburi hicho kilianza kupungua siku ya kwanza. Hojaji ilifungua kwa sentensi kuhusu huduma ya afya ya msingi. Istilahi hiyo haina kosa. Ndiyo tuitumiayo tangu mataifa yalipokutana Alma-Ata mnamo Septemba 1978 na kutangaza kwamba afya ya wote ianzie karibu na nyumba za watu, na ndiyo inayolingana na jina la sheria ambayo Bunge la Kenya liliipitisha mwaka 2023. Lakini mzee wa kwanza tuliyemhoji, mtu mwenye ndevu nyekundu za hina, alisikia "msingi" akakumbuka shule. "Wajukuu wangu wa shule ya msingi hawajambo, alhamdulillahi," akasema. "Anayeumwa ni mimi."

Tulicheka, naye akacheka. Swali lililofuata lilitaka kujua alisubiri kwa dakika ngapi kabla ya kuonwa na mhudumu. Alijibu kwamba alifika jua likiwa limepanda kidogo, akaswali adhuhuri papo hapo zahanati, na alasiri ikamkuta njiani akirudi. Rafiki yangu alitazama visanduku vyake vitatu: chini ya dakika 30, kati ya 30 na 60, zaidi ya 60. Aliweka alama katika kisanduku cha tatu, na siku nzima ya mzee ikatoshea humo. Kisha tukauliza ameridhika kwa kiasi gani na huduma aliyopewa.

"Alhamdulillahi."

"Umeridhika sana, umeridhika kiasi, au hukuridhika?"

"Alhamdulillahi kabisa," akasema, akitutazama kwa huruma, kana kwamba sisi ndio wagonjwa.

Nayasimulia haya si kwa ajili ya kumdhihaki mtu. Nimekuja kuamini kwamba utafiti wa aina hii una umuhimu mkubwa kuliko aghalabu tunavyoudhania. Mwaka 1961 Kerr White na wenzake walichapisha nchini Marekani makala ambayo wanataaluma wa tiba ya msingi huirejelea hadi leo. Walikadiria kwamba katika kila watu wazima 1,000, kwa muda wa mwezi mmoja, 750 hivi hupatwa na ugonjwa au jeraha la namna fulani. Kati yao 250 humwendea daktari, 9 hulazwa hospitalini, 5 huelekezwa kwa daktari mwingine, na mmoja tu ndiye hufikishwa katika hospitali ya chuo kikuu. Kumbe elimu kubwa ya tiba, wakati huo, ilikuwa ikivunwa kwa huyo mmoja. Waliosalia walikuwa wakiugua na kupona, au kuugua na kufa, nje ya macho ya wasomi.

Niliposoma tarakimu hizo nilifikiria taaluma yetu wenyewe. Nasi tuna watu wetu 1,000. Tunamchukua mshairi mmoja ambaye diwani yake imechapishwa, tunamwandikia tasnifu kumi, na wale 999 wanaosema, wanaoimba na wanaobishana kila siku tunawaita "jamii" katika aya moja ya utangulizi.

Miaka kumi baada ya makala hiyo, mwaka 1971, daktari Julian Tudor Hart, aliyekuwa akihudumu katika kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg huko Wales, alieleza kanuni iliyomfanya ajulikane duniani: kwamba huduma nzuri ya tiba huelekea kupungua pale hasa mahitaji yanapozidi. Hart hakuiandika kanuni hiyo akiwa hospitali kuu. Aliiandika akiwa daktari wa kijiji anayewajua wagonjwa wake kwa majina, na katika kijiji hicho hicho aliwapima watu shinikizo la damu hata wale ambao hawakuja kulalamika.

Anayetaka kuiona kanuni ya Hart kwa macho na avuke daraja la mto Tana aingie Garissa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 katika kaunti yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 44,000. Mjini mna hospitali ya rufaa. Lakini mfugaji anayefuata malisho kuelekea mpaka wa Somalia huweza kusafiri siku nzima kabla ya kukuta zahanati, na akiikuta, aghalabu ni muuguzi mmoja anayezalisha, anayechanja, anayepima sukari na anayefagia. Ikiwa kuna mahali ambapo inafaa kuuliza kwa nini mgonjwa haji tena, ni hapo. Rafiki yangu alikuwa akiuliza swali sahihi. Tatizo lilikuwa ni namna tulivyouliza, na jukumu la namna lilikuwa langu.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunatofautisha utafiti, uchunguzi na upelelezi, ingawa mipaka hiyo huwa wazi zaidi katika kamusi kuliko mdomoni. Daktari hukufanyia uchunguzi; polisi nao hufanya uchunguzi. Kwa Kisomali, utafiti huitwa cilmi baaris, yaani kutafuta elimu, lakini baaritaan ni pia ukaguzi wa askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mtu wa Kaskazini Mashariki anaposikia mgeni akisema amekuja kufanya baaritaan, haanzi kufikiria chuo kikuu.

Ana sababu. Mkoa huu uliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu mwisho wa 1963 hadi 1991. Mnamo Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulitiwa moto. Mnamo Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi hawakurudi nyumbani. Mwishoni mwa 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walitakiwa kwenda mbele ya kamati za ukaguzi ili kuthibitisha kuwa ni Wakenya. Walioulizwa maswali wakati huo waliulizwa yale yale yaliyomo katika ukurasa wa kwanza wa hojaji yetu: jina, jina la baba, jina la babu, umezaliwa wapi, nyumbani kwako mko wangapi. Mambo haya yamo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013.

Na hata alama ya kidole ina historia yake. Wapo Wakenya wa Garissa ambao zamani, hasa ukame ulipozidi, waliandikishwa kama wakimbizi katika kambi za Dadaab ili wapate chakula. Vidole vyao vikabaki katika kumbukumbu. Walipofika umri wa kuchukua kitambulisho wakaambiwa kwamba mashine inawatambua kuwa ni wakimbizi. Kwa hiyo kidole gumba, katika nchi ile, kina njia mbili: kinaweza kukuletea unga, na kinaweza kukunyang'anya uraia. Jambo hili nililijua tangu utotoni. Jirani zetu lilikuwa limewapata. Lakini nilipoketi kutafsiri fomu ya ridhaa, sikulikumbuka. Nilikuwa nikikumbuka sarufi.

Fomu ilisema, katika Kiingereza chake, kwamba mhojiwa ameteuliwa kushiriki na kwamba ushiriki wake utasaidia kuboresha huduma. Nikaandika: "Umechaguliwa kushiriki katika utafiti huu. Ushiriki wako utasaidia kuboresha huduma za afya katika eneo lako." Sentensi safi. Msimamizi wa tasnifu yangu asingeipigia mstari. Nyanjani nikaisema kwa Kisomali: waa lagu doortay, umechaguliwa, kisha neno la kusaidia. Watu wakaweka vidole. Walikuwa wepesi sana wa kuweka vidole, na tulifurahi kwamba kazi inakwenda. Katika wiki mbili tulikuwa na fomu 41.

Wiki ya tatu tulikuwa tumeketi kwenye benchi la zahanati, chini ya mgunga, bodaboda ilipomshusha bibi kizee mmoja. Nilimkumbuka. Tulimhoji wiki ya kwanza. Alikuja moja kwa moja hadi mbele yangu, akakataa kuketi.

"Binti," akasema, "jina langu limerudi?"

"Jina gani, Ayeeyo?" Ayeeyo ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Lile la karatasi niliyoweka kidole. Ulisema nimechaguliwa."

Nilianza kumweleza kwamba kuchaguliwa huko hakukuwa kuchaguliwa kwa mgao. Nilisema taratibu, kwa adabu, na kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyousikia upumbavu wa sentensi yangu. Katika eneo ambalo watu huchaguliwa kwa ajili ya chakula cha msaada, ambamo mzee wa mtaa husoma orodha ya waliochaguliwa na wasiokuwamo hurudi nyumbani mikono mitupu, mimi nilikuwa nimepita nyumba kwa nyumba nikiwaambia wagonjwa kwamba wamechaguliwa na kwamba kuna msaada. Yeye alikuwa amesubiri. Nauli ya bodaboda ya kuja kuuliza aliikopa dukani.

Aliponielewa hakunipigia kelele. Aliutazama mkono wake wa kulia, kidole kile, kana kwamba wino ulikuwa ungalipo. "Raalli ma ihi," akasema. Kisha akampungia mkono mwenye bodaboda.

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Mwanafunzi wa Kiswahili atayaelewa kuliko anavyodhani. Neno raalli la Kisomali limetoka katika mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa sisi ridhaa, radhi, ridhika, ridhia na maridhiano. Bibi alisema: siko radhi. Kwa pumzi moja alikuwa amesema kwamba hakubali, kwamba hakuridhika, na kwamba hajanisamehe. Sisi tumeligawa neno hilo vipande vipande. Ridhaa tumewapa watafiti na wanasheria. Radhi tumewaachia wazazi na wanaoombana msamaha. Kuridhika tumewaachia wanaojaza visanduku. Yeye alivirudisha vyote mahali pamoja.

Usiku ule mimi na rafiki yangu tulizozana. Nilimwambia kwamba fomu zote 41 hazifai.

"Alama za vidole zipo," akasema. "Maelezo yalisomwa. Kamati ya maadili haitaona kosa."

"Haitaona kosa kwa kuwa haijui Kisomali."

"Basi, dadangu, kila utafiti katika nchi hii utasimama. Nani aliyewahi kuelewa fomu ya ridhaa neno kwa neno? Wewe mwenyewe ukienda hospitali unasoma kabla ya kutia sahihi?"

Hoja yake ilikuwa na uzito, na uchovu wake ulikuwa wa haki. Fedha zilikuwa zimekwisha, muhula ulikuwa unakaribia ukingoni, na kosa halikuwa lake. Tangazo la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililipitisha mwaka 1964, yeye alilijua kuliko mimi. Alijua kwamba ridhaa isiyotokana na kuelewa si ridhaa. Alichokuwa akiniomba ni nisimlazimishe kukijua usiku ule. Tulilala bila kuelewana.

Siku mbili zilizofuata nilikaa ndani nikisoma, nikitafuta wageni wengine waliowahi kuja Kaskazini Mashariki kuuliza habari za magonjwa, nijue wao walifanya nini. Visa viwili vilinishika.

Cha kwanza ni cha Homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1931 katika uchunguzi wa vifo vya kondoo karibu na ziwa Naivasha. Baada ya mvua za El Niño, mlipuko wa 1997 na 1998 uliikumba Garissa vibaya. Watafiti walikadiria kwamba katika wilaya hiyo pekee watu 27,500 waliambukizwa. Ugonjwa ulirudi mwishoni mwa 2006, tena ukaanzia Garissa, na kufikia Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu nchini Kenya wagonjwa 684, na 155 kati yao walikuwa wamekufa. Watafiti waliokwenda baadaye kuwahoji wafugaji walikuta jambo ambalo lingepaswa kututia haya sote tunaojiita wasomi. Wafugaji wa Kisomali walikuwa na jina la ugonjwa huo: sandik, kwa sababu ya damu itokayo puani mwa mnyama. Na walijua mfuatano wake: mvua isiyo ya kawaida, makundi ya mbu, kisha mifugo kuharibu mimba na kufa. Dalili hizo walikuwa wameziona mapema. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010. Elimu ilikuwako, katika lugha, ikingoja mtu wa kuiuliza kwa maneno yake yenyewe.

Cha pili ni cha Annalena Tonelli. Mwanamke huyu wa Kiitaliano alifika Kenya mwaka 1969 kuwa mwalimu, akahamia Wajir. Hakuwa daktari. Kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza wafugaji, na wataalamu walikuwa wamekata tamaa kwamba mtu anayehamahama hawezi kumaliza dawa. Mwaka 1976 alipewa jukumu la kuongoza mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wafugaji. Jibu lake lilikuwa rahisi: aliwaalika wagonjwa waje na vibanda vyao, wavisimamishe jirani na kituo, wakae kwa takriban miezi 6 wakimeza dawa mbele ya mhudumu hadi wapone, kisha waondoke na vibanda vyao. Mahali hapo pakaitwa manyata. Utaratibu huo wa kumsimamia mgonjwa akimeza dawa ulikuja kuenezwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi. Tonelli alilazimika kuondoka Kenya katikati ya miaka ya 1980, baada ya kupaza sauti juu ya mauaji ya Wagalla. Alipigwa risasi na kuuawa Borama, kaskazini mwa Somalia, tarehe 5 Oktoba 2003, mwaka ule ule aliotunukiwa tuzo ya Nansen ya wakimbizi.

Sisemi kwamba mwanafunzi wa uzamili aige maisha ya Tonelli. Nilichojifunza ni kidogo kuliko hicho. Swali lake lilikuwa sawasawa na la rafiki yangu: kwa nini mgonjwa hamalizi dawa? Lakini aliliuliza akiwa amekaa. Wahenga hao hao waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema pia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi watafiti tumejipanga vyema: huwa tumekwisha ondoka siku ya pili jioni.

Nilipotoka chumbani nilimkuta rafiki yangu amezipanga fomu zote mezani kwa vijiji. "Tutaanzia mbali, turudi tukija," akasema. Hakuongeza neno, nami sikumwuliza alibadilishwa na nini.

Nikaandika upya tafsiri. Safari hii sikuanza na Kiingereza. Nilikwenda kwa mama yangu, nikamwomba aniambie yeye angemwelezaje shangazi yake, nikaandika aliyosema, kisha nikayageuza kuwa Kiswahili. Yalikuwa hivi: "Sisi ni wanafunzi. Tumekuja kuuliza, hatukuja kugawa. Hakuna chakula wala pesa katika karatasi hii, na jina lako halitakwenda kwa Serikali. Ukikataa kujibu, dawa zako utapewa vile vile. Ukikubali leo, kesho unaweza kukataa. Haya, niambie wewe: tumekuja kufanya nini?" Sentensi ya mwisho ndiyo iliyokuwa na kazi. Asiyeweza kutujibu, tulianza tena.

Wengi walikubali upya, baadhi yao wakitucheka. Tisa walijitoa. Watatu hatukuwapata, walikuwa wamehama na mifugo, na fomu zao tuliziharibu. Rafiki yangu aliyaandika haya yote katika sura ya mbinu za utafiti, kosa na masahihisho, na akachelewa kuwasilisha tasnifu yake.

Ayeeyo tulimwacha mwisho kwa sababu nilimwogopa. Tulimkuta mbele ya aqal yake akikamua mbuzi. Nilimsomea maelezo mapya. Alisikiliza hadi mwisho, akarudia kwa ufasaha tuliyokuja kufanya, kisha akasema hataki. Aliomba karatasi yake. Nikampa. Aliitafuta ile alama ya zambarau, akaikunja karatasi mara nne, akaifunga katika ncha ya shuka yake. Nilimrudishia nauli aliyokopa. Aliipokea, akaihesabu.

Halafu akatuletea maziwa, akaketi, na bila kuulizwa akaanza kutueleza kwa nini yeye na wenzake waliacha kwenda kuchukua dawa. Alisema kwa muda mrefu. Nilikuwa nikimtafsiria rafiki yangu, nikaona uso wake ukibadilika, kwani majibu yote aliyokuwa akiyatafuta kwa wiki tano yalikuwa yakimwagwa pale pamoja na maziwa, kwa mpangilio na sababu, bora kuliko fomu zote 41. Daftari lilikuwa limefunguka mapajani mwake. Alilifunga, akaliweka kalamu juu yake.

Wala mimi sitayaandika hapa aliyoyasema. Hakutupa ridhaa, alitupa maziwa na mazungumzo, kama mwenyeji. Tulipoaga nilimwomba radhi. Alinishika mkono. Kama alinisamehe au la, hilo nalo hakulisema.

Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, naomba niseme neno moja kabla ya kuweka kalamu chini. Utafiti katika tiba ya msingi unakua nchini. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafunza madaktari bingwa wa tiba ya familia mwaka 2005, afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na wahudumu wa afya ya jamii wanatembea mlango kwa mlango. Kila hojaji inayobebwa mlangoni ilitafsiriwa na mtu fulani, mara nyingi usiku, mara nyingi na mtu ambaye kazi hiyo aliitazama kama nilivyoitazama mimi, kazi ya wiki moja. Mara ngapi sisi tumekaa katika kamati zinazopitisha maneno hayo? Tunagombana makongamanoni kuhusu istilahi, nami ni mmoja wa wagombanaji. Lakini sijawahi kuhudhuria kongamano ambapo fomu ya ridhaa ilisomwa kwa sauti mbele ya mtu asiyejua kusoma, naye akaulizwa ameelewa nini. Tuianze kazi hiyo katika vyama vyetu, kwa fomu za wenzetu walio katika vyuo hivi hivi vyetu. Haihitaji ufadhili.

Tasnifu ya rafiki yangu ilipopita, tuliandika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, nikautia katika Kisomali, tukaupeleka zahanati. Niliusoma chini ya mgunga ule, mbele ya muuguzi na watu kama ishirini waliokuwa wakisubiri zamu. Nilipomaliza, mzee mmoja aliuliza, "Sasa dawa zitakuja lini?" Muuguzi akanitazama mimi. Nikamwambia mzee kwamba sijui.